Askari wangu wako mia sita

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la CTC, kliniki ya huduma na matibabu kwa wenye virusi vya UKIMWI, anaujua mfano huu. CD4, zile chembe hai nyeupe za damu, ni askari wa mwili. Virusi vya UKIMWI ni adui. Askari wakipungua, magonjwa nyemelezi yanajiingilia kama wezi kwenye nyumba isiyo na mlinzi. Siku hizi wapo wanaotaka mfano huu ustaafishwe, wakidai unapotosha. Hoja wanayo, ila kazi uliyoifanya wameisahau.

Mtu anakabidhiwa karatasi yenye hesabu ya CD4 zake: 180. Haimwambii kitu. Mshauri anachora vijiti kumi kwa penseli, anafuta vinane, anamsogezea karatasi. Mgonjwa anaviangalia viwili vilivyobaki, anauliza: "Nikiacha dawa, na hawa wanaondoka?" Hilo hakuna aliyemfundisha, kalitoa ndani ya mfano mwenyewe. Hotuba ya kinga ya mwili, hata iwe sahihi neno kwa neno, ni nadra kuzaa swali kama hilo.

Tatizo lilianza miongozo ilipobadilika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza dawa zianze CD4 zikifika 350 au chini. 2013 likapandisha hadi 500. 2015 likasema kila aliyeambukizwa aanze, hesabu iwe yoyote. Tanzania ikafuata 2016. Hapo ndipo mwenye CD4 600 alipouliza: "Askari wangu wamejaa, dawa za nini?" Kwa mantiki ya vita, amepatia.

Kumbe utafiti wa START, uliohusisha watu 4,685 katika nchi 35, ulishajibu. Wote walianza wakiwa na CD4 zaidi ya 500. Waliopewa dawa mapema walipungukiwa hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa asilimia 57 kuliko waliosubirishwa. Asilimia 57, na kambi imejaa! Kuhesabu vichwa vya askari, basi, hakukutosha. Adui huyu hapigi risasi akiwa mbali: anaingia ndani ya askari na kumgeuza kiwanda cha kuzalishia virusi wengine.

Lakini hapo kosa ni la mfano, au la sisi tuliouachia njiani? Mshauri mmoja nilimsikia akijibu: "Mia sita, sawa. Wangapi kati yao wameshanunuliwa?" Mgonjwa akanyamaza, kisha akaomba aelezwe vidonge vinamezwaje. Vita ni ile ile, imeongezwa sura moja tu.

Pale mfano usipotengenezeka ni kwenye kipimo cha wingi wa virusi. Vitani, adui asiyeonekana ndiye wa kuogopwa. Kwenye kipimo, kutoonekana ni habari njema: anayemeza dawa zake na virusi vyake vikabaki havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ukiendelea na vita hapo, unamtia mtu hofu siku ya kushangilia.

Kwa hilo tunalo neno letu, kufubaza, yaani dawa kuvififisha virusi. Kanga mpya ukiifua pamoja na shuka jeupe, inachuja rangi. Iliyofubaa haichuji, japo ni kanga ile ile. Mimi ningeanzia hapo. Ila kanga ikishafubaa hairudishi rangi. Virusi, dawa zikiachwa, vinarudi.