Bi Harusi Miguu Juu

Nilitangaza mwenyewe, tena kwa mbwembwe: "Leo usiku harusi ya dada tunaiangalia ukutani, kubwa kama sinema." Vifaa vyenyewe vilikuwa boksi la viatu, simu na kioo cha kukuzia nilichomwomba babu. Alinipa huku akinikumbusha kwamba ni cha kusomea gazeti, si cha kuchezea.

Boksi lilikuwa na urefu wa sm 30. Nikatoboa tundu mbele, nikabandika lenzi kwa solotepu, ndani nikatandika karatasi nyeusi ili mwanga usirukeruke, kisha nikaisimamisha simu sm 15 nyuma ya lenzi. Nilijiambia ikikaa karibu, picha itakuwa na nguvu. Taa zikazimwa, mashangazi wakavuta viti, na ukutani pakatokea ukungu mweupe. Basi. Tukautazama ule ukungu kwa adabu kama dakika mbili hivi, mpaka mtoto mmoja akachungulia kwenye lenzi na kupiga kelele: "Iko humu ndani!"

Alikuwa sahihi kabisa. Fokasi ya lenzi ile, yaani umbali toka kwenye lenzi hadi pale miale ya kitu cha mbali inapokutana, ni sm 20, na kitu kikikaa ndani ya fokasi, miale hutoka kwenye lenzi ikiwa bado inatawanyika, haikutani popote mbele. Jicho ndilo linaloikusanya na kuona simu imekua mara 4 na imesimama wima. Ukuta hauna jicho.

Kuijua fokasi ni kazi ya dakika moja, nami ndiyo niliyoiruka. Mchana unaielekeza lenzi kwenye mti wa mbali, unasogeza karatasi nyuma yake mpaka mti utokee bila ukungu, halafu unapima toka kwenye lenzi hadi kwenye karatasi. Nilikuja kupiga hesabu gizani, watu wakipiga miayo. Ukuta ulikuwa mita 3 kutoka kwenye lenzi, na kanuni ni moja juu ya fokasi, toa moja juu ya umbali wa ukuta, unapata moja juu ya umbali wa simu: moja juu ya 20, toa moja juu ya 300, inabaki 14 juu ya 300, na ukiipindua ni 300 gawa kwa 14. Simu ikae sm 21.4. Na hapo hapana utani. Ukiiweka kwenye sm 21, picha inajikusanya mita 4.2 mbele, yaani kwa jirani. Ukiiweka kwenye sm 22, inajikusanya mita 2.2, hewani mbele ya pua ya shangazi.

Nikasogeza kidogokidogo, na ghafla harusi ikatokea, pana karibu mita 2. Bi harusi alikuwa ananing'inia kama popo, na wageni wote wanatembea darini. Miale ya juu ikishapita kwenye lenzi huangukia chini, na ya chini huenda juu. Rahisi, nikasema, nikapindua simu. Simu nayo, kwa akili zake, ikaipindua picha. Nikaigeuza tena, ikaigeuza tena. Tukashindana hivyo mpaka mtoto yule yule akaniambia nizime mtindo wa skrini kujigeuza yenyewe.

Sasa wamesimama wima. Kukawa kimya kizuri, mpaka shangazi mkubwa aliposema: "Mbona pete imeingia mkono wa kulia?" Nikamwambia ni macho. Bango la ukumbini likapita, maandishi yote kinyumenyume. Lenzi huigeuza picha juu chini na kushoto kulia kwa pamoja, lakini simu inatazama ukuta nasi tunautazama ukuta kutoka upande huohuo wa simu, kwa hiyo ukishaipindua unabaki na picha kama ya kwenye kioo cha kujitazamia. Dawa yake ni kutundika shuka jepesi jeupe mahali pa ukuta na kuhamishia watazamaji nyuma yake. Viti vikabebwa upya. Shangazi mkubwa alibebwa na kiti chake, hakutaka kusimama.

Kero ya mwisho ilikuwa giza. Picha iliyokuzwa mara 14 kila upande imetandazwa kwenye eneo kubwa mara 196, na mwanga wa simu ni uleule. Tena pembeni palikuwa na ukungu wenye rangirangi. Nikaifunika lenzi kwa kadi yenye tundu la sm 4: ukungu ukapungua, na zaidi ya theluthi mbili za mwanga zikaenda nao. Nikaitoa kadi. Mtoto akaziba nusu ya lenzi kwa kiganja, tukasubiri nusu ya bwana harusi ipotee, lakini alibaki mzima, amefifia tu, kwa sababu kila kipande cha lenzi hupitisha miale kutoka kila sehemu ya picha.

Tulilala tumeridhika. Simu niliitoa ili niichaji, boksi nikaliacha dirishani, lenzi ikitazama nje.

Asubuhi niliamshwa na harufu. Lenzi ya kipenyo cha sm 7.5 yenye fokasi ya sm 20 hulikusanya jua kwenye doa lisilofika mm 2, ukali wake mara zaidi ya 1,500, na mimi nilikuwa nimeliwekea karatasi nyeusi palepale. Jua linatembea, na doa nalo lilikuwa linatembea, kama sm 5 kwa saa. Moshi ulikuwa unachora mstari mnyoofu ndani ya boksi, na shangazi mkubwa alikuwa tayari amebeba ndoo. Maji yote yalinipata mimi niliyekuwa nimeinama kuchungulia.

Babu aliokota kioo chake kwenye tope la boksi, akakifuta kwa shati, akafungua gazeti, akaniambia nisogee, ninamzibia mwanga.