Nani kawaambia mama anataka kubonyeza mara mbili?

Kona. Mwezi wa kumi 2025 Plasma 6.5 imetoka (Plasma ndo sura ya kompyuta inayotengenezwa na KDE kwa ajili ya Linux: madirisha, paneli, aikoni), na kitu cha kwanza nilichokutana nacho kwenye grupu letu ni skrinshoti ya dirisha lenye kona za chini zilizoviringwa. Zamani za juu tu ndo zilikuwa duara, sasa zote nne. Watu makofi, emoji za moto, mmoja kaandika "hatimaye". Hatimaye! Utadhani tulikuwa tunachanika mikono.

Sina ugomvi na kona, nimezitazama na ni nzuri. Ila mimi nina hasira zangu za tangu Agosti ambazo nilikuwa nimezimeza, na kuona ile orodha ya "vipya" imepambwa vile bila mtu hata mmoja kuuliza ni nini kimegeuzwa kimyakimya, zikarudi zote kooni. Kwa hiyo mnivumilie.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Morogoro, na ni katibu wa kikoba chao. Laptop yake ni mtumba wa Dubai nilimnunulia Kariakoo, ram GB 4, ilikuja na Windows ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi ukaikuta bado inazungusha vile vidoti. Mwaka 2023 nikaifuta nikamwekea Debian 12, aina ya Linux inayokaa mahali pa Windows, na KDE juu yake. Mama hajui Debian ni nini, hajui KDE ni nini, na hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba faili la kikoba lipo pale juu ya skrini, unaligonga mara moja, linafunguka. Mara moja. Hilo ndo lilikuwa somo zima la kompyuta nililompa, dakika kumi tu, na ndo sababu kubwa niliyochagua KDE badala ya kingine chochote, maana miaka yote hiyo KDE ilikuwa inakuja hivyo yenyewe, bonyeza mara moja faili linafunguka.

Wenye wazazi watu wazima mtanielewa. Vidole vya mama vinakaza, hasa asubuhi, hasa Juni na Julai baridi ya Moro ikishuka kutoka Uluguru. Kubonyeza mara mbili ndani ya milisekunde 400, na katikati hapo mkono usisogee hata kidogo, kwako wewe si kitu, hata hujui kama unafanya. Kwake yeye ni mazoezi ya jimu.

Sasa Agosti nikaenda nyumbani kwa Nane Nane. Ijumaa maonyesho, vumbi, mishikaki, Jumamosi tarehe 9 Debian 13 ikatoka. Na mimi kiherehere changu mnakijua. Nikasema bando ninalo, nipo hapahapa, ngoja nimpandishie mama asije akabaki nyuma. Hilo kosa ni langu, naliandika mwanzoni kabisa ili msije kunisemea kwenye komenti. Plasma ya mama ikatoka 5.27 ikaenda 6.3, yote salama, hakuna kilichokufa, nikajisifu sana. Sikugusa faili lake hata moja kujaribu, mimi nilikuwa bize kwenye terminali kama mtu wa kwenye sinema. Jumapili jioni nikapanda SGR nikarudi Dar.

Jumanne simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii kompyuta umeifanya nini?"

"Kwani imekuwaje?"

"Kikoba hakifunguki. Nakigonga kinang'aa tu."

Nikajua palepale. Nikamwambia gonga mara mbili mama, harakaharaka. Kimya. Nasikia tu mausi tk... tk.

"Kimehama."

"Kimehama kwenda wapi?"

"Kilikuwa huku juu, sasa hivi kipo katikati ya maua."

Maua ni picha ya skrini yake. Maana kidole kikikaza kati ya mbonyezo wa kwanza na wa pili, mkono unasogea, na kompyuta inaona unaburuta. Tukahamia WhatsApp video, nikawa namwelekeza huku simu inaonyesha mara dari, mara shuka, mara pua yake, na kile kikoba kinatembea tu kwenye maua kama kuku. Baada ya robo saa akaniambia kwa ile sauti ya kufunga kipindi, "Mwanangu acha tu, kaunta buku ninayo." Na kweli, wiki tatu nzima hisa na marejesho ya akina mama wale yaliandikwa kwenye kaunta buku kwa peni ya bluu, na faini kwa peni nyekundu, mpaka nilipokwenda tena Septemba.

Sasa twende kwenye kilichotokea. Plasma 6 ilipotoka tarehe 28 Februari 2024, mojawapo ya mabadiliko yake ni kwamba difolti, yaani setingi inayokuja yenyewe kabla hujagusa kitu, ikawa kubonyeza mara moja kunachagua, mara mbili ndo kunafungua. Halikufichwa, liliandikwa, na setingi ya kurudisha ipo. Sawa. Tatizo langu ni jinsi mabadiliko ya difolti yanavyomfikia mtu ambaye tayari yupo ndani ya nyumba.

KDE haiandiki kwenye faili la setingi kitu ambacho kinafanana na difolti. Ukiwa umebadilisha kitu, kinaandikwa, kinalindwa, apdeti ikija kinakukuta ulipo. Lakini kama ulivyokikuta ndo ulivyokipenda, hakiandikwi popote. Hata ukiingia kwenye setingi ukatazama ukasema ndiyo, hivihivi ndo nataka, ukabonyeza OK, bado hakuna kinachoandikwa. Kwa hiyo mtu wa 2023 aliyekuwa hapendi mbonyezo mmoja akaubadilisha, huyo alipofika Plasma 6 hakusumbuliwa hata kidogo, saini yake ipo. Aliyeupenda, aliyeuzoea, aliyechagua KDE kwa ajili ya huo huo, ndo kageuziwa. Yaani mlalamikaji analindwa, aliyeridhika anahesabiwa hayupo. Mama yangu katumia ile laptop miaka miwili na zaidi kila wiki bila kulalamika, na kwa macho ya lile faili la setingi hajawahi kuwa na maoni.

Na mtu asiniambie haikuwezekana. Ndani ya KDE kuna kitu kinaitwa kconf_update, kipo miaka na miaka, kazi yake hasa ni kuchukua setingi za mtu wa zamani na kumvusha salama kwenye toleo jipya. Mstari mmoja tu ulihitajika: huyu alikuwepo kabla, muandikie alichokuwa nacho. Wageni wapewe difolti mpya, wenyeji waachwe na mikono yao. Basi. Sijaomba kujengewa stendi.

Haya, haki yao niwape. Naelewa kwa nini walifanya. Aina kadhaa za Linux tayari zilikuwa zinakuja na mbonyezo wa mara mbili uliowekwa na wenyewe wanaozisambaza, na mtu akitoka Windows anakuta kila anachogusa kinafunguka anachanganyikiwa, anafungua mafaili kumi na mbili wakati alitaka kuchagua moja. Na Windows 10 ilipokatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, KDE walikuwa na kampeni kabisa ya kuwapokea wakimbizi wake, na mkimbizi humpokei kwa kumfundisha upya kutembea. Ni uamuzi wa busara kwa mgeni. Nimesema. Nisilazimishwe kurudia.

Ila mgeni anakuja na mikono ya alikotoka na tunaiheshimu, mwenyeji naye mikono yake nani anaiheshimu? Maana kompyuta kwa mtu kama mama haipo kichwani, ipo mkononi. Mimi na wewe tukigeuziwa tunagugo, dakika mbili tumerudisha, tunaendelea kubishana kuhusu kona. Yeye hana neno la kugugo. Angeandika nini? "Kikoba kinang'aa"?

Na si hilo tu, ila mengine sina nguvu nayo. Zamani ukizungusha gurudumu la mausi juu ya skrini tupu unahama dawati, yaani unatoka skrini moja ya kazi kwenda nyingine, Plasma 6 wakaizima, mimi nilikuwa naitumia kila siku, nikairudisha, yamekwisha. Ukibonyeza pembeni kwenye ule mstari wa kuskroli sasa unaruka moja kwa moja mpaka pale ulipogusa badala ya kwenda ukurasa kwa ukurasa, na hiyo kusema kweli ni bora, nakubali bila hata kukunja uso. Paneli ya chini inaelea. Inaelea, sawa, ielee.

Halafu kuna vile vya kuringishia. HDR, ya rangi na mwanga mkali zaidi kwenye kioo! Kioo cha mtumba wa Dubai kina doa jeupe kona ya kushoto, tuongelee HDR. Mchemraba umerudi, ule wa kuzungusha madawati, vijana wa zamani wamelia machozi. 6.5 nayo inageuza mandhari yenyewe kutoka nyeupe kwenda nyeusi jioni ikifika, kwetu hiyo kazi TANESCO wameifanya muda mrefu tu.

Lakini nisije kuonekana mimi ni wa kulaumu tu. Ubao wa kunakili sasa unaweza kubandika vitu visipotee, na mimi ninayeandika namba ileile ya akaunti mara ishirini kwa siku nimeshukuru. Vichujio vya rangi kwa wasiotofautisha nyekundu na kijani vilikuja na 6.0 na sikuona mtu amepiga hata kofi moja, na mimi nina rafiki fundi ambaye akiletewa chati ya rangi lazima aite mtu amsomee, sasa haiti. Hivyo ndo vitu. Havina skrinshoti nzuri, ndo shida yake.

Nikitoka nje kidogo: mnakumbuka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar, mradi wa Kilinux wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na mahesabu, menyu zote Kiswahili? Mimi nilikuwa mdogo, niliiona baadaye kwenye CD ya mtu. Zaidi ya miaka 20 imepita, mwalimu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote leo anafungua kikoba kwa kusoma "File" na "Edit". Hiyo nayo siku moja nitaiandikia hasira yake, na sehemu kubwa ya hasira hiyo itabidi nijielekezee mwenyewe maana sijawahi kutafsiri hata sentensi moja. Turudi.

Septemba nimefika Moro, shikamoo, chai, kitumbua, nikaketi. Ningeweza kuingia kwenye setingi, ila nilitaka nilione kwa macho. Nikafungua faili la kdeglobals, ndo lile la setingi, mistari kibao ya rangi na fonti, na kweli, kuhusu kubonyeza hakuna kitu. Hakuna kabisa. Nikaongeza SingleClick=true, nikatoka, nikaingia upya. Sasa hivi kwa kuwa difolti imegeuka, chaguo la mama linaandikwa, anayo saini. Imebidi kwanza anyang'anywe ndo aandikishwe.

Nikamwita aje ajaribu. Akagonga kikoba. Kikafunguka. Hakusema kitu, akavuta kaunta buku akaanza kuhamisha wiki tatu, jina kwa jina, mimi namsomea yeye anaandika, na kwenye faini za kuchelewa akanikatiza mara mbili kwamba nasoma haraka.

Desemba akaja Dar kwa Krismasi, akawa anaangalia picha za wajukuu kwenye laptop yangu, pembeni ikachomoza ile taarifa ya KDE ya kuomba mchango, inayokuja mara moja kwa mwaka. Akavua miwani. "Hawa ndo wale wa tuma kwa namba hii?" Nikamwambia hapana mama, hawa ndo waliotengeneza hii kompyuta inavyoonekana, hawalipishi, wanaomba tu. Akauliza ndo haohao waliomharibia kikoba. Nikamwambia aliyeharibu ni mimi, wao walibadilisha tu. Akafikiri. Akauliza na ile ya mshale kuwa mkubwa ukitikisa mausi, ile ni ya nani?

Ilikuja na 6.1, ukipoteza mshale unatikisa mausi nao unavimba mpaka uuone, na ukizidi kutikisa unazidi kuvimba. Sikumfundisha. Aliigundua mwenyewe Agosti, katika zile hasira za kikoba kuhama, akautikisa mausi kama anamkung'uta paka, mshale ukamjia mkubwa kama mwiko.

"Ni ya haohao mama."

"Basi wape kidogo," akasema, akarudisha miwani. "Ila wasiiguse hiyo."