Siku laptopu ilipotaka kunifanya mwizi wa michango

Jamani ukatibu wa kamati ya harusi usiuchukulie poa. Mimi nilipewa huo ukatibu kwenye harusi ya mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, kwa sababu moja tu, kwamba ukoo mzima ni mimi mwenye laptopu. Kazi yenyewe kutunza listi: nani kaahidi ngapi, katoa ngapi, bado ngapi. Watu sabini na kitu, wote wako kwenye Excel, na Excel iko kwenye kalaptopu kangu ka inchi 12, used, nilikachukua Kariakoo laki tatu na nusu muuzaji akiapa kwamba mwenyewe alikuwa mzungu na hakukatumia sana. Kopi nyingine sina, flash sina, na msinisute maana nimeshasutwa vya kutosha.

Sasa Jumamosi, kesho yake kikao cha mwisho, nikakaangalia nikaona aibu. Kibodi imejaa makombo ya chapati na vumbi la Tabata, na kesho kanakwenda kukaa mezani mbele ya wazee. Nikachukua kitambaa kibichi nikakasugua, na laptopu inawaka hivyo hivyo, nikasugua kama nafua jinzi. Kakang'aa kweli. Nikaenda kula, narudi nakuta imejifunga, nikaandika paswadi, enta. Si sahihi.

Nikaandika tena taratibu. Si sahihi. Nikaandika kwa kidole kimoja kama mtu anayebonyeza mtungi wa gesi kuona kama bado upo. Nikacheki Caps Lock, haijawaka. Nikazima nikawasha. Nikatoka nje nikanywa maji nikarudi kama sina habari nayo, halafu nikaandika haraka haraka ili isipate muda wa kukataa, wapi bwana. Na kila nikikosea, chini pale kinatokea kile kidokezo ambacho unaweka mwenyewe siku ya kufungua akaunti, na mimi siku ile kwa ujanja wangu niliandika "unaijua mwenyewe".

Na kweli naijua! Miaka mitatu naiandika kila siku, vidole vinakwenda vyenyewe. Ila ukikataliwa mara ishirini unaanza kujitilia shaka hata jina lako. Usiku sikulala, nikawa naiandika hewani, mke wangu akaniuliza unapiga kinanda?

Jumapili asubuhi nikawa wa kwanza kwa fundi, hata kufagia bado. Akaniuliza ndani kuna vitu vya maana? Nikamwambia kuna harusi nzima. Akasema basi kuna njia mbili, tupige Windows upya, elfu ishirini, ila vya kwenye desktop ndio kwaheri, au tuiwashe na flash yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, tunyonye mafaili kwanza, hiyo arobaini, na uombe diski isiwe imefungwa na BitLocker, kile kifuli cha Windows, maana hapo hata Linux inaishia kuchungulia tu. Jasho likanitoka. Akasema hebu jaribu mara ya mwisho nikuone, akanisogezea kibodi yake ya mezani, ile kubwa ya waya ambayo kila laptopu ikifika pale lazima aichomeke. Nikaandika.

Ikafunguka!

Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu kama daktari, akasema "ilikuwa imeganda hiyo, nimeshaiweka sawa". Aliiweka sawa saa ngapi mimi sijui, ila elfu kumi alichukua. Na mimi kwa furaha nikafunika laptopu nikapanda bodaboda, sikukopi hata faili moja. Hapo hata mimi sina cha kujitetea.

Saa kumi jioni tuko sebuleni kwa baba mdogo. Kuna kijana mmoja mwenye kiherehere akachomeka laptopu kwenye TV ili kila mtu aone vizuri. Mwenyekiti akasema, haya katibu, tusomee. Nikaandika paswadi, enta. Si sahihi. Na pale kwenye TV ya inchi 43, herufi kubwa kabisa: "unaijua mwenyewe".

Mweka hazina akakohoa. Nyuma nikasikia mama mmoja anamnong'oneza mwenzake, "kumbe anaijua".

Nikajaribu tena, nikaanza kuelezea habari za fundi, kwamba asubuhi ilifunguka, na nadhani mnajua mtu akianza kuelezea sana anafananaje. Baba mdogo akavua miwani. "Mwanangu, mimi nilitoa laki tatu. Humo ndani kuna nini hutaki tukione?" Yaani pesa zenyewe anashika mweka hazina, mimi nina listi tu, lakini macho yote kwangu.

Aliyeniokoa ni shangazi. Shangazi alikuwa mpiga chapa wizarani huko, kastaafu zamani, na kikao kizima alikuwa kimya na chai yake. Akaja akasimama nyuma yangu, akasema andika, kisha usibonyeze enta, bonyeza hako kajicho hapo pembeni, ushikilie. Nikamwambia shangazi, hiyo ni siri. Akasema "Siri! Mimi nimechapa barua za siri za serikali, ya kwako ina nini?" Akabonyeza mwenyewe. TV ikaandika:

2535062wanza

Kimya. Halafu mke wangu, kutoka kule kwenye kona ya akina mama, kwa sauti ya upole ambayo mimi naijua, "Wanza ndio nani?"

Shangazi wala hakuwa na habari na Wanza. Akanionyesha herufi. Hizi laptopu ndogo hazina kile kipande cha namba upande wa kulia, kwa hiyo kwenye baadhi yake, kama haka kangu, namba zimepandishwa juu ya herufi, zimechapwa vidogo vya bluu pembeni, J ni 1, K ni 2, L ni 3, U ni 4, I ni 5, O ni 6, M ni sifuri. Miaka mitatu nilidhani ni mapambo. Ukibonyeza Fn pamoja na NumLk zinaamka, na mimi na kitambaa changu ndio tuliziamsha. Kibodi ya fundi ni kubwa, ina namba zake, haikuhitaji kuazima herufi za watu. Elfu kumi yangu ikapita mbele ya macho.

Akabonyeza vitufe viwili, akasema haya andika tena. Nikaandika. Na akabonyeza tena kale kajicho, sijui kwa mazoea sijui kwa makusudi:

kilimokwanza

Ndiyo, ile kauli mbiu ya serikali, ya mwaka 2009. Niliiweka miaka mitatu nyuma, wiki niliyokodi shamba la matikiti Mkuranga, nina moto balaa, mtaji laki nane. Matikiti yote yalioza. Laki nane yenyewe alinikopesha mwenye sebule tuliyokuwa tumekaa, baba mdogo mwenyewe, na hadi leo nikimwona njiani huwa napokea simu ambayo haijapigwa.

Baba mdogo akaisoma mara mbili, hakusema kitu. Nikapiga enta haraka, Excel ikafunguka, watu wakapiga makofi, na mimi nikashusha pumzi hadi nilipokumbuka kwamba Ijumaa nilikuwa nimeipanga ile listi kwa wanaodaiwa zaidi ndio waanze juu. Mstari wa kwanza, kwenye TV, wenye rangi nyekundu niliyoipaka kwa mkono wangu: Katibu, ahadi 500,000, ametoa 0.

Baba mdogo akavaa miwani tena. "Aha," akasema, "kilimo kwanza, michango baadaye."