Tuhesabu Risasi, Si Bunduki Peke Yake

Kila mara serikali ya Kenya inapotangaza operesheni ya kuwanyang'anya silaha wavamizi wa mifugo huko Kaskazini mwa Bonde la Ufa, swali la kwanza la wanahabari huwa ni lile lile: bunduki ngapi zimesalimishwa? Natamani siku moja mtu aulize kuhusu risasi.

Bunduki aina ya AK-47 haizeeki upesi. Ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, liliporwa 1979 wakati Idi Amin alipoangushwa, na silaha zake zikasambaa miongoni mwa wafugaji wa pande zote za mpaka. Bunduki ya enzi hizo ikitunzwa vizuri inaua hadi leo. Risasi ni jambo jingine. Ikishafyatuliwa imekwisha, na anayetaka kuvamia tena sharti atafute nyingine. Zipo sehemu ambako kupata kilo mbili za unga ni safari, lakini risasi hazikosekani. Nani anazipeleka?

Okota ganda tupu baada ya uvamizi, ulifute vumbi, utazame kitako chake. Pale utakuta chapa ndogo iliyogongwa: alama ya kiwanda na tarakimu za mwaka. Ni ushahidi uliolala chini, na mara nyingi hakuna anayejishughulisha kuuinua. Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Liligundua kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa watu isivyo halali zililingana na zile za vyombo vya usalama vya Kenya, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwenye kiwanda chetu cha Eldoret. Polisi walikuwa wakiwagawia wafugaji risasi hizo ili wajilinde dhidi ya wavamizi kutoka Uganda na Sudan. Kila nikiirudia ripoti hiyo hasira hunipanda.

Sisemi polisi wale walikuwa na nia mbaya. Mpaka ni mrefu, kituo kiko mbali, na mzee anayekuja kuomba msaada kabla mifugo yake haijachukuliwa ni vigumu kumrudisha mikono mitupu. Lakini risasi iliyotolewa leo kulinda zizi, kesho inaweza kuvizia gari barabarani, na wa kumuuliza mwenyewe hayupo kwa sababu haikuandikwa popote.

Na tunajua inaishia wapi. Julai 12, 2005, wavamizi walifika Turbi, Marsabit, asubuhi wakati watoto walikuwa shuleni. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwemo wanafunzi zaidi ya 20. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 walivamiwa na kuuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walikokwenda kurudisha ng'ombe walioibwa. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi tu. Hao angalau walihesabiwa. Mwalimu anayeomba uhamisho hahesabiwi, wala mama mjamzito anayebaki kujifungulia nyumbani kwa sababu usiku hakuna dereva atakayekubali kupita njia ile.

Serikali imejaribu mambo mengi. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi za kanda hii kuweka alama na kumbukumbu za silaha. Mwaka 2016 bunduki zaidi ya 5,000 zilichomwa moto huko Ngong, na Februari 2023 jeshi likatumwa kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa. Shida ya kunyang'anya silaha inajulikana na kila mfugaji: jamii itakayotangulia kusalimisha ndiyo itakayotangulia kuvamiwa. Ndiyo maana bunduki huzikwa jeshi likija, na kufukuliwa likiondoka. Ninayempa heshima ya pekee ni Tegla Loroupe, mwanariadha wetu, ambaye tangu 2003 amekuwa akiwakutanisha vijana wa Pokot, Turkana, Karamoja na kwingineko katika mbio za amani. Kijana aliyekimbia na mwenzake angalau anamjua kwa sura.

Hata hivyo mbio hazifungi ghala. Polisi wa akiba, yaani raia wanaopewa bunduki na serikali kulinda jamii zao, wanahitajika, kwa kuwa ndio wanaolijua pori na ndio wanaofika kwanza. Basi kila mmoja akabidhiwe risasi zilizoandikwa kwenye daftari kwa jina lake na kwa namba ya shehena, na anapotaka nyingine arudishe maganda ama aeleze alizitumia wapi. Kila uvamizi ukitokea, maganda yaokotwe na chapa zake zilinganishwe na daftari hilo. Vivyo hivyo lori la ng'ombe linalokwenda machinjioni usiku bila kibali lisimamishwe, kwa sababu anayenunua mifugo ya wizi ndiye anayelipia uvamizi unaofuata.

Kamati ya Bunge ya Usalama wa Ndani ina uwezo wa kulidai daftari hilo kila mwaka. Wabunge wa Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Samburu na Laikipia wanakaa ukumbi mmoja. Waanze wao, kwa pamoja, kuuliza zile risasi za Eldoret zilienda kwa nani.