Kitabu cha jiolojia huzeeka lini?

Chukua vitabu vitatu vya jiolojia vilivyochapwa katika miongo tofauti, kisha tafuta kipindi cha Kambria, kimojawapo cha vipindi vya kale vya historia ya dunia, kilianza lini. Cha miaka ya 1980 huenda kikakuambia miaka milioni 570 iliyopita. Cha mwaka 2013 kitasema milioni 541. Kilichotoka juzi kitasema milioni 538.8. Mwanafunzi mwenye mtihani kesho hana muda wa falsafa, anataka kujua aandike ipi. Mkutubi naye, aliyeshika orodha ya vitabu vya kupunguzwa rafuni, ana jibu tayari: cha kwanza kiondoke, cha pili kifuate, hicho cha tatu tukingoje.

Ubishi huu huzuka popote zinapofundishwa sayansi za dunia. Upande mmoja unasema vitabu vya zamani vya fani hii ni mzigo na vinapotosha, kwa hiyo pesa na nafasi viende kwenye majarida na hifadhidata za mtandaoni. Upande wa pili unasema ukitupa kitabu cha jiolojia umetupa kipande cha dunia ambacho hutakiona tena. Mimi nimeegemea upande wa pili, ila si kwa sababu ambazo watetezi wake hupenda kuzitaja, na kuna mahali nawaacha mkono.

Tuanze na wanaotaka kupunguza, maana hoja yao haiishii kwenye nafasi na vumbi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, vitabu vingi vya kiada vilifundisha kwamba milima mikubwa huzaliwa kwenye jiosinklaini, yaani mtaro mrefu unaojaa mashapo, ukadidimia, kisha ukabanwa na kuinuka. Mabara yalidhaniwa yametulia pale pale. Mwaka 1962 mwanajiolojia Harry Hess akachapisha hoja yake ya sakafu ya bahari inayotanuka. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha jinsi michirizi ya usumaku kwenye sakafu hiyo inavyoendana na hoja hiyo. Mwaka 1965 mwanasayansi John Tuzo Wilson akaeleza aina mpya ya mpasuko unaounganisha mipaka ya mabamba, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia vinavyosogea. Muongo ulipokuwa unakwisha, sura nzima za vitabu zilikuwa zimekufa, wala haikuwa sentensi za kusahihisha kwa penseli. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikiokota kitabu cha 1958 bila mtu wa kumwongoza, atajuaje? Dawa ina tarehe ya kwisha muda kwenye kopo. Kitabu kina mwaka wa kuchapwa tu, na mwaka huo hausemi ni kurasa zipi zimeoza.

Wala si mambo ya kale peke yake. Mwaka 2009 mwanzo wa kipindi cha Kwaternari, ambacho ndicho tulichomo, ulirudishwa nyuma rasmi, kutoka miaka milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.6. Mwaka 2018 Holosini, sehemu yake ya mwisho tunamoishi, ikagawanywa sehemu tatu. Mwaka 2024 pendekezo la kuongeza Anthroposini, enzi ya binadamu, likapigiwa kura na kukataliwa. Chati ya vipindi hivi ya Kamisheni ya Kimataifa ya Stratigrafia (elimu ya matabaka ya miamba) hutolewa upya mara kwa mara na mtu yeyote huipakua bure. Kitabu gani cha karatasi kitakimbizana nayo?

Sasa turudi kwenye Kambria, maana humo ndimo hoja hiyo inapoanza kuvuja. Kwa nini tarakimu zimebadilika? Miamba haikusogea. Kwanza, mbinu ya kupima umri kwa metali za urani na risasi zilizomo ndani ya chembe za madini ya zirkoni iliboreka mno. Pili, na hili watu hulisahau, mpaka wenyewe ulihamishwa. Zamani wengi waliuweka pale trilobiti, wanyama wa kale wa bahari wenye magamba, wanapoanza kuonekana. Mwaka 1992 ikakubaliwa kwamba alama rasmi iwe kwenye jabali la pwani la Fortune Head, Newfoundland, Kanada, kwenye tabaka ambamo zinaanza kuonekana njia za mnyama aliyekuwa akichimbachimba tope la bahari. Mnyama mwenyewe hayumo, kilichobaki ni vijia vyake. Cha ajabu ni kwamba mpaka ulishushwa hadi tabaka la chini zaidi, yaani la kale zaidi, na bado tarakimu ikapungua. Makadirio ya zamani yalikuwa yamepotea kiasi hicho.

Lakini yule mwandishi wa zamani aliyepanda jabali kama hilo, akapima unene wa kila tabaka, akaandika rangi yake, akachora visukuku alivyovikuta na kutaja tabaka alimovikuta, alikosea nini? Tarakimu yake ya milioni 570 ni maiti. Vipimo vyake vya futi na inchi viko hai.

Hapo ndipo ulipo ufa ambao pande zote mbili huuruka. Ndani ya jalada moja la kitabu cha jiolojia mna vitu viwili vinavyozeeka kwa mwendo tofauti: aliyoyaona mwandishi, na aliyoyafikiri kuhusu alichokiona. Ya pili yanaweza kuoza ndani ya miaka kumi. Ya kwanza hayaozi, na mara nyingine thamani yake hupanda, kwa sababu mahali palipoelezwa pamechimbwa kokoto, pamefunikwa na maji ya bwawa, au barafu yake imeyeyuka.

Mfano ninaoupenda ni wa tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906. Tume ya uchunguzi ya jimbo la California, chini ya Andrew Lawson, ilitoa ripoti yake mwaka 1908 pamoja na atlasi kubwa ya ramani. Ukiifungua unakuta picha za nyua za mashamba zilizokuwa zimenyooka, sasa zimekatika, kipande kimoja kimesogea mita kadhaa pembeni mwa kingine. Unakuta maelezo mji kwa mji: hapa madohani yameanguka, pale yamesimama, kwingine ardhi yenye tope imetikisika vibaya kuliko kilima cha jirani. Unakuta mistari ya sismografu, yaani vyombo vya kurekodi mitikisiko, za nchi mbalimbali, imenakiliwa kwa uangalifu. Karibu miaka 100 baadaye, watafiti wa Marekani waliyachukua maelezo yale, eneo kwa eneo, wakayageuza kuwa ramani ya kisasa ya ukali wa mtikisiko. Ile mistari nayo imetumika kukadiria mpasuko ulikwendaje chini ya ardhi. Waliopanga kurasa zile hawakujua lolote kuhusu mabamba. Hawakuhitaji kujua ili kuhesabu madohani.

Krakatau, volkano ya Indonesia, ni vivyo hivyo. Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ilichapisha ripoti ya mlipuko wa 1883 mwaka 1888, ikiwa na rekodi za barometa, vipima mgandamizo wa hewa, kutoka pembe nyingi za dunia. Volkano ya Hunga Tonga katika Pasifiki ilipolipuka Januari 2022 na wimbi lake la hewa likaizunguka dunia, wanasayansi waliotaka kitu cha kulinganisha nalo walirudi kwenye rekodi za 1883.

Kwa hiyo desturi yetu imekaa kinyume. Mwanafunzi ndiye hupewa kitabu kikuukuu, kwa kuwa ndicho kilichopo, na mtafiti ndiye hununuliwa vipya. Ingefaa iwe vingine. Mwanafunzi, ambaye bado hana jicho la kutenganisha kilichoonwa na kilichodhaniwa, ndiye hasa anayehitaji toleo jipya. Mtafiti, mwenye jicho hilo, ndiye anayeweza kukitumia kitabu cha 1908 bila kudhurika.

Nawasikia wanaouliza: si viskaniwe tu, karatasi ziondoke? Ni swali la haki. Nakala ya mtandaoni inakuwezesha kutafuta jina la mto ndani ya kurasa 700 kwa sekunde, jambo ambalo faharasa ya karatasi haijawahi kulifanya vizuri. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, limeweka machapisho yake mengi wazi kwa yeyote, yakiwemo ya karne ya 19, na faida yake haina kifani. Tatizo ni namna uskani unavyofanywa. Ripoti nyingi za jiolojia huwa na ramani iliyokunjwa, ama imebandikwa ndani ama imetiwa kwenye mfuko wa jalada la nyuma. Anayeskani kwa haraka haikunjui. Nimeshafungua nakala safi kabisa ya ripoti ya zamani, maandishi yote yanasomeka, halafu mahali pa ramani pana picha ya karatasi iliyokunjwa, kona moja ya buluu imechungulia. Maelezo yote ya kitabu yalikuwa yakisema “tazama ramani”.

Hata ikikunjuliwa, kuna suala la skeli. Ramani iliyoandikwa 1:50,000 husema kweli kwenye karatasi yake tu. Ukiikuza kwenye kioo cha simu au ukaichapa kwenye karatasi ndogo, maandishi yanabaki 1:50,000 ilhali sentimita moja si mita 500 tena. Skeli ya mstari, ile iliyochorwa kama rula kwenye ramani, hupona, maana hukua na kusinyaa pamoja na ramani. Mwanafunzi asiyeambiwa hili atapima kwa rula na kupata jibu safi lisilo kweli.

Kuna pia kipimo ambacho maktaba hukiamini kupita kiasi: kitabu hiki kimeazimwa mara ngapi? Vitabu vizito vya rejea husomewa pale pale mezani na kurudishwa, na hakuna anayegonga muhuri. Tena, umuhimu katika fani hii husinzia. Mwanasayansi wa Serbia, Milutin Milanković, alichapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1941, kwa Kijerumani, kikieleza jinsi mabadiliko ya mzunguko wa dunia yanavyoongoza enzi za barafu. Tafsiri ya Kiingereza ilingoja hadi 1969, na katikati ya hapo wanajiolojia wengi walikuwa wameikataa nadharia hiyo. Mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walitumia mashapo ya sakafu ya bahari kuonyesha kwamba mizunguko ile imo kweli. Anayehesabu mihuri mwaka 1965 angekitupa.

Nilisema kuna mahali nawaacha mkono watetezi. Ni kwenye vitabu vya utangulizi. Nakala 20 za toleo la saba la kitabu cha mwaka wa kwanza, wakati toleo la kumi na mbili lipo, hazilindi dunia wala sayansi. Hazina uchunguzi wa mwandishi mwenyewe, zina muhtasari wa yaliyoaminika wakati huo. Ziende. Kulia juu yake ni kupenda karatasi, si kupenda jiolojia.

Nikisema hivyo, ananijia mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes na kunivurugia kanuni. Kitabu chake cha kiada cha 1944 kilifungwa kwa sura iliyozungumzia mabara kusogea na mikondo ya joto ndani ya koti la dunia, tabaka lililo chini ya gamba, inayoweza kuyabeba, wakati wenzake wengi walilicheka wazo hilo. Ulikuwa uchambuzi mtupu ndani ya kitabu cha wanafunzi, tena miaka karibu 20 mbele ya Hess. Kanuni yangu ya kuvumilia yaliyoonwa na kutilia shaka yaliyofikiriwa ingeitupa sura ile bila huruma. Sina dawa ya hilo isipokuwa kubakiza nakala moja mahali fulani, na kukubali kwamba mtu atakayeichagua nakala hiyo lazima awe amesoma.

Kati ya hivyo viwili kuna vitabu vya mezani na vya mkobani, ambavyo havihitaji mabishano marefu. Kwatsi, madini ya kawaida kabisa, ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs na densiti ya 2.65, ilikuwa hivyo kwa babu zetu na itakuwa hivyo kwa wajukuu, kwa hiyo kitabu kizuri cha madini hudumu kwa miongo. Kioja ni kitabu cha rangi za udongo cha Munsell. Kurasa zake zimebandikwa vipande vya rangi, chini ya kila kipande pana tundu, unashikilia udongo nyuma yake na kulinganisha mpaka upate alama kama 5YR 4/6. Hakiwezi kuhamia kwenye simu, kwa sababu kila kioo huonyesha rangi kivyake. Lakini nacho hufifia kwa jua na vidole vichafu. Hicho, peke yake kati ya vyote nilivyovitaja, kinastahili kutupwa kwa sababu tu kimezeeka.

Kwa hivyo ningekuwa na orodha ile mkononi, nisingeanza na mwaka wa kuchapwa. Ningefungua ukurasa wowote wa katikati. Nikikuta “tabaka la jiwe la mchanga, unene mita 3, limeinama nyuzi 25 kuelekea kaskazini, juu ya daraja la mto”, ningekirudisha rafuni hata kama hakuna aliyekigusa tangu kinunuliwe. Nikikuta “milima huundwa kwa”, hapo ndipo ningetazama mwaka. Na kabla hakijaingia kwenye boksi, ningefunua jalada la nyuma na kupapasa kama lina mfuko, na kama ramani bado imo.