Maganda ya kamba tusiyabebeshe mzigo wa plastiki

Haupiti muda mrefu kabla haijasambaa tena habari kwamba kuna watu wametengeneza mfuko kwa maganda ya kamba wa baharini, na wasomaji wanapongezana kana kwamba plastiki imeshazikwa. Mimi ni mpenzi wa maganda hayo, na ndiyo maana habari hizi zinanikera.

Tupige hesabu. Mwaka 2015 wanakemia Ning Yan na Xi Chen waliandika katika jarida la Nature kwamba maganda ya kaa, kamba na kambakochi yanayotupwa duniani ni tani milioni 6 hadi 8 kwa mwaka. Kitini, ile polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayotafutwa kutengenezea mifuko hiyo, ni asilimia 15 hadi 40 tu ya ganda. Kilichobaki zaidi ni protini na kalsiamu kaboneti. Plastiki inayozalishwa kila mwaka inapita tani milioni 400. Hata tukizoa kila ganda kuanzia delta ya Rufiji hadi Norway, asilimia moja hatuifikii.

Na kuitoa hiyo kitini ni kazi. Asidi inayeyusha kalsiamu, kostiki soda inaondoa protini, halafu kostiki kali zaidi, tena kwenye joto, inaigeuza kuwa kitosani. Kilo moja ya kitosani inaweza kunywa zaidi ya tani moja ya maji. Yote hayo kwa mfuko wa kubebea nyanya?

Utamu wa kitosani uko kwingine. Ikiyeyushwa kwenye asidi nyepesi, hata siki, inabeba chaji chanya ya umeme, jambo ambalo ni nadra kwa polima za asili. Chembe nyekundu za damu zina chaji hasi kwa nje, kwa hiyo zinaing'ang'ania na kuganda pamoja. Bandeji za kuzuia damu za HemCon zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2002, zikatumiwa na askari wao Irak na Afghanistan, zilitegemea ujanja huohuo. Tope laini lililoelea majini nalo lina chaji hasi: tia kitosani, linashikana na kuzama. Shambani kuna jambo ninalolipenda zaidi. Kuvu wana kitini kwenye kuta za seli zao, hivyo mmea ukiguswa na kitosani hudhani umevamiwa na kuvu, ukaamsha kinga yake mapema.

Gramu chache tu zinafanya kazi hizo. Ndiyo maana mji mdogo wa Siglufjörður, kaskazini mwa Iceland, una kiwanda cha Primex kinachogeuza maganda ya kamba kuwa kitosani ya kuuza nje, wala hakijajitwika kufunga bidhaa za dunia nzima.

Huku pwani kwetu sioni haja ya kukimbilia kiwanda. Maganda yetu yametawanyika majikoni, hotelini na kwenye magenge ya wachuuzi, na kwa joto hili yananuka kabla ya jioni. Cha kwanza ni kuyakusanya pale kamba wanapomenywa kwa wingi, kuyaosha na kuyaanika siku hiyohiyo. Yakishasagwa yanaingia kwenye chakula cha kuku au mboji, na mtu anapata hela bila asidi. Mwenye mtaji wa kitosani aje baadaye, akiwa na mpango wa maji machafu ya kostiki mkononi. Asipokuwa nao, atatuachia uchafu mbaya kuliko maganda yenyewe.