Sinki Lililozibukia Upande wa Mama Mkwe

Kwa Waganda wa Buganda, hapa Uganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawapishani kwenye mlango mwembamba, na wazee husema kwamba anayeivunja desturi hiyo atatetemeka mikono uzeeni. Mimi ni Mnubi wa hapa Bombo, na kwetu mambo hayo hayana ukali huo, lakini nimeoa Buganda na ninazishika adabu za watu walionipa mke. Kwa hiyo mama mkwe wangu anapokuja kututembelea, mimi hukaa jikoni na uani, naye hutawala sebule na ukumbi, na mazungumzo yetu yote hubebwa na binti yangu wa darasa la tatu, mjumbe mwaminifu ambaye hapunguzi neno na mara nyingi huongeza.

Safari hiyo alikuja siku ya pili ya Idi, na sinki la jikoni lilikuwa limegoma tangu asubuhi.

Chanzo hakikuhitaji uchunguzi. Mafuta ya mbuzi yakiwa ya moto huingia bombani bila ubishi, lakini yakikutana na bomba la baridi huganda na kushika ukutani. Juu yake ulipita mchuzi wa binyebwa, yaani wa karanga, ambao nao una mafuta yake. Yakafuata mabaki ya posho, yaani ugali, ambayo hayajui kukaa ndani ya maji bila kuvimba. Na mpwa wangu aliyetoka kijijini, msichana mwenye bidii ya kupita kiasi, alikuwa amesugua masufuria yote ya sikukuu kwa majivu. Mtu akichanganya vitu hivyo kwa makusudi anaweza kujengea ukuta.

Mke wangu alitaka tumwage birika zima la maji yanayotokota. Nilimweleza kwamba bomba letu ni la plastiki ya PVC, ambayo huanza kulegea karibu na nyuzi 80, na kwamba hata hapa Bombo, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, maji ya kutokota bado yangetosha kuzilegeza jointi. Alinijibu kwamba mume anayejua nyuzi za maji hakosi kujua pia mahali anapopatikana fundi bomba siku ya Idi. Tulikubaliana juu ya maji ya moto kiasi pamoja na sabuni, nayo ni dawa nzuri ya mafuta ikiwa yataweza kuyafikia. Lakini ukiyamwaga juu ya dimbwi la maji baridi lililokwisha kutuama, unapata dimbwi la maji ya vuguvugu na hakuna zaidi.

Hapo akaingia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye anasoma chuo kikuu na ana simu yenye majibu. Alimimina baikaboneti ya kuumulia maandazi, akafuatisha siki, na povu likapanda kwa mlio uliowafanya watoto wapige makofi. Povu lile ni hewa ya kaboni dayoksaidi. Asidi ya siki na baikaboneti humalizana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi isiyo na ugomvi na mafuta ya mbuzi. Hewa nayo, badala ya kusukuma uchafu chini, ilitafuta njia rahisi na kupanda juu. Shemeji alisema tusubiri. Tulisubiri, na dimbwi likasubiri pamoja nasi, sasa likinuka kachumbari.

Jirani yetu, askari mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Afande, alivutwa na makofi ya watoto. Alikuja na waya wa breki ya baiskeli, akaukunja ncha, akauchokoza ndani kwa utulivu wa mtu anayetegua bomu. Waya ni silaha ya haki kwa nywele za bafuni, kwa kuwa huzinasa na kuzivuta nje; ndani ya mafuta hutoboa kijitundu kinachojifunga mara tu ukiutoa, ikiwa utatoka. Wa Afande ulikatika kwenye kona, na kipande kikabaki huko. Nilipopendekeza tufungue kona yenyewe, Afande alikataa kwa sauti ya amri, akisema nati za plastiki zilizokaa miaka hupasuka, na maduka ya vifaa yamefungwa.

Duka la vyakula, hata hivyo, lilikuwa wazi, na mwenye duka alimtuma mpwa wangu arudi na kostiki soda ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, ile ile wanayopikia sabuni. Hiyo niliikataa mimi. Siisemi vibaya kostiki, maana huyageuza mafuta kuwa sabuni yaondoke kwa hiari. Lakini hutoa joto kali ikikutana na maji, hula sufuria za alumini, hupofusha macho, na bomba letu lilikuwa na siki ya shemeji ndani yake. Kumwaga kostiki juu ya asidi kwenye tundu lililoziba ni kuomba irukie usoni. Tena ukishaimwaga na isifaulu, huwezi kutumia pampu, kwa sababu pampu itakurushia kostiki hiyo hiyo.

Na pampu ndiyo niliyoitegemea: ile ya mpira yenye mpini wa mti, ambayo Afande aliileta akiwa amenuna. Inataka maji yafunike mpira, kwa maana maji hayabanwi kama hewa, na inataka matundu mengine yote ya bomba hilo yazibwe. Beseni letu la kunawia ukumbini huungana na bomba la jikoni nyuma ya ukuta, kwa hiyo mke wangu alisokota tambara bichi akaliziba barabara. Nilishuhudia mwenyewe, kwa kuchungulia.

Mama mkwe hakuambiwa. Alikwenda kunawa kabla ya chakula, akakuta tambara ndani ya tundu la beseni, na kwa kuwa ni mwanamke nadhifu, alilichomoa, akalikamua, akalitundika kwenye msumari, kisha akainamia bomba. Wakati huo huo nilikuwa nimejipa nguvu za mikono miwili.

Maji ya sinki yakazama ghafla. Afande akapaza sauti, "Limezibuka!" Nyuma ya ukuta sauti nyingine ikasema, "Banange!"

Nilitoka mbio, pampu mkononi. Gomesi lake la Idi, mita 6 za kitambaa cha zambarau, lilikuwa limelowa kuanzia kifuani hadi kwenye mkanda. Punje ya wali ilikuwa imekaa juu ya ncha ya bega la kulia, na ganda la nyanya liling'inia kwenye kifungo. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nikageukia ukuta, nikachutama, na kwa kukosa jambo lingine la heshima, nikamwamkia. Naye, aliyelelewa vizuri, aliitikia maamkizi yote bila kuruka hata moja: habari za nyumbani, za watoto, za sikukuu, huku matone yakidondoka sakafuni.

Nilirudi jikoni kwa kutembea kinyumenyume. Punde binti yangu akaja. "Jajja anauliza, ile kona ya chini ya sinki bado hamjaifungua? Na anasema Afande arudi nyumbani kwake."

Afande akarudi kwake. Niliweka ndoo chini ya kona, nikazungusha nati kwa mkono, na hazikupasuka. Kona hiyo iliyopinda huhifadhi maji kidogo ili harufu ya shimo la maji taka isipande nyumbani. Mtengeneza saa mmoja, Alexander Cumming, aliipatia hataza ya choo jijini London mwaka 1775, na tangu hapo imekuwa pia mahali pa kwanza pa uchafu kulala. Ndani ya ndoo kilianguka kipande cha mafuta chenye umbo kamili la bomba, cha kijivu kwa majivu, kikiwa na waya wa Afande katikati na kijiko cha chai kilichopotea tangu Ramadhani. Nikaifunga, nikafungua maji, yakashuka kwa mlio.

Mama mkwe aliondoka jioni akiwa amevaa nguo ya mke wangu. Kabla gari halijang'oa, binti yangu alirudi mbio na ujumbe wa mwisho: Jajja anashukuru kwa chakula, gomesi lingine analipenda la kijani, mkanda usiwe wa kumetameta, na mita 6 zipimwe mbele ya mama.